Nimwongeze Msusi Shilingi Ngapi?

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kusuka ndiyo starehe yangu pekee. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisukwa na dada mmoja kwenye saluni ya Mabatini. Kwa kuwa mimi ni mteja wa siku nyingi, tukifika kwenye malipo huwa naomba anipunguzie buku tano, naye hupunguza. Kisha namwachia jero au buku ya soda, tunaagana vizuri.*

*Mwezi uliopita wifi yangu alikuja likizo kutoka Marekani, nikampeleka kwa dada huyo huyo. Alipomaliza kusukwa alilipa bei yote, akamwongeza elfu kumi mbele ya watu wote. Tulipotoka akaniambia kwao watu wanatoa asilimia 20, na kwamba ninachotoa mimi ni kumdharau mtu aliyesimama kutwa nzima kichwani kwangu. Nilinyamaza, lakini iliniuma.*

*Juzi nimerudi peke yangu. Nilifika saa tatu asubuhi, wa kwanza. Saa nne akaingia mama mmoja ambaye najua huwa anatoa vizuri, akawekwa kitini kabla yangu. Mimi nimeanza kushikwa kichwa saa saba. Safari hii sikuomba punguzo. Nililipa kwa simu kwenye Lipa Namba, nikaongeza elfu tatu nikitumaini mambo yatakaa sawa, lakini dada wala hakuonyesha kufurahi.*

*Shangazi, nimelazimika kutoa? Kama ni kutoa, nitoe kiasi gani? Binti anayeosha nywele naye nimpe? Na siku mwenye saluni akinisuka mwenyewe je? Sitaki kuitwa bahili, lakini biashara ya dagaa nayo ina siku zake.*

*Mwanao, Kirumba*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na zile elfu tatu, kwa sababu nadhani hazikumfikia dada. Lipa Namba iliyobandikwa ukutani pale karibu na kioo kwa kawaida ni ya biashara. Pesa inaingia kwa mwenye saluni na ujumbe unaingia kwenye simu ya mwenye saluni. Kama hukumwambia msusi kwa mdomo kwamba ndani yake kuna chake, alichojua yeye ni kwamba umelipa, basi. Kwa hiyo usikae ukidhani ulimpa akakununia. Siku nyingine lipa bei kwenye namba ya saluni, na cha msusi mpe mkononi kabla hujatoka. Kama huna noti, mtumie kwenye namba yake mwenyewe na uweke ya kutolea juu yake, ili elfu mbili uliyokusudia imfikie ikiwa elfu mbili.

Sasa, kulazimika. Hulazimiki. Hakuna sheria ya Tanzania inayomtaka mteja aongeze kitu juu ya bei ya kusuka, wala hatuna desturi ya asilimia. Wifi yako hakusema uongo: huko anakoishi, asilimia 15 mpaka 20 ni jambo la kawaida saluni na hotelini, na asiyetoa anaonekana amekosa adabu. Lakini desturi ile imeota kwenye udongo wake. Sheria ya taifa ya Marekani inaruhusu mhudumu anayepokea bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1991, kwa hesabu kwamba wateja watajaza kilichobaki. Majimbo kadhaa yameweka kiwango cha juu zaidi, ila tabia ya mteja kubeba sehemu ya mshahara wa mtu imeshazoeleka nchi nzima. Ukienda Japani, mhudumu anaweza kukukimbilia barabarani akurudishie chenji uliyoiacha mezani. Kila mahali bakshishi inafuata namna watu wa pale wanavyolipwa. Kwa hiyo ya Mabatini tuitazame kwa malipo ya Mabatini.

Umeniuliza utoe kiasi gani juu ya bei. Mimi nataka kwanza uone, katika bei yenyewe, dada anaambulia nini.

Wewe ni mtu wa Mwaloni, mgao huhitaji kufundishwa. Mtumbwi ukirudi na dagaa wa usiku, mvuvi hauhesabu mzigo wote kuwa wake. Yanatoka kwanza mafuta, inatoka ya taa na chakula, linatoka fungu la mwenye chombo na nyavu, ndipo wavuvi wanagawana kinachobaki. Saluni zetu nyingi zinaendeshwa kwa mtindo huo. Msusi anayekusuka hana mshahara wa mwezi, ana fungu katika kila kichwa anachomaliza. Asipopata kichwa leo, leo hana kitu.

Chukulia bei ya rasta ndogo ndogo ni 25,000, na rasta zenyewe umekuja nazo. Chukulia saluni hiyo wanakwenda nusu kwa nusu. Mwenye saluni anachukua 12,500 alipie kodi ya fremu, Luku, maji na leseni. Inabaki 12,500. Lakini rasta ndogo mara nyingi hazisukwi na mtu mmoja. Dada anamwita mwenzake ashike upande wa pili, na kinachobaki wanagawana, 6,250 kila mmoja, kwa kusimama saa tano au sita.

Sasa wewe, mteja wa siku nyingi, unaomba upunguziwe buku tano. Bei imekuwa 20,000, nusu yake ni 10,000, kila msusi anapata 5,000. Umemwondolea kila mmoja 1,250. Kisha unampa dada buku ya soda, na mwenzake humpi kitu. Dada anaondoka na 6,000, yaani pungufu ya 250 kuliko ambavyo angepata kama ungelipa bei yako kamili ukatoka bila kuongeza hata senti. Mwenzake ndiyo kabisa. Na kuna saluni ambako mwenye mali anachukua nusu yake kwa bei iliyobandikwa ukutani, msusi akipunguza ni juu yake. Hapo kwenye 20,000 yako mwenye saluni anatoa 12,500 zake kwanza, wasusi wanabaki na 7,500 ya kugawana, 3,750 kila mtu. Soda yako inakuta shimo.

Ndiyo maana siwezi kukujibu kwa kutaja noti tu. Miaka yote hiyo umekuwa ukitoa kwa mkono mmoja baada ya kuchukua kwa mwingine, na nina hakika hukujua, kwa sababu dada hawezi kukuambia. Atakuambiaje, ilhali wewe ni mteja wake wa kudumu? Akikataa kupunguza, utahamia saluni ya jirani. Anapunguza, anatabasamu, anasema karibu tena.

Kwa hiyo badala ya kubishana na wifi juu ya asilimia, acha kuomba punguzo wakati wa kulipa. Kama bei ni kubwa kwako, patana kabla chanuo halijagusa kichwa. Mwambie, "Dada, leo nina elfu ishirini, unaweza kunisuka mtindo gani?" Hapo ana nafasi ya kukuambia basi tusuke yeboyebo, au tufanye rasta za wastani ambazo zinaisha mapema, au njoo Jumatatu hakuna watu. Anapanga kazi ilingane na pesa. Ukingoja mpaka kichwa kimekwisha na ncha zimeshachovywa kwenye maji ya moto, hana tena cha kupanga. Amebaki na kukubali.

Si kila saluni inakwenda kwa fungu. Wapo wanaokodi kiti, wanamlipa mwenye fremu kwa siku au kwa wiki, wateja wawepo wasiwepo. Huyo bei yote ni yake, lakini na siku kavu zote ni zake. Wapo wachache wanaolipwa mshahara. Utajua vipi? Muulize, siku mko wawili tu: "Dada, hapa mnafanya kwa asilimia au kwa mshahara?" Hakuna msusi atakayekasirika kwa swali hilo. Wengi hawajawahi kuulizwa.

Ukishalipa bei yake kamili, cha kuongeza kinakuwa zawadi kweli. Kwa kazi ya 25,000, mimi naona elfu moja au mbili inatosha na ina heshima, siku unayo. Kama walikusuka wawili, usimpe mmoja mbele ya mwenzake. Wape wote wawili, hata ikiwa ni buku buku, au mpe dada na umwambie kwa sauti, "Hii yenu wawili." Sauti hiyo ni muhimu, inamlinda dada asije akashukiwa na mwenzake kwamba alikula peke yake.

Kuna siku moja ambayo ningekuomba uongeze zaidi. Ni siku umechelewa kufika, au ulitaka mtindo mgumu, mkamaliza saa tatu au saa nne usiku. Dada huenda anakaa Buhongwa, au Kisesa huko. Saa hizo daladala zimepungua, anapanda bodaboda, na nauli ile inaweza kula sehemu kubwa ya alichopata kwako. Mwulize anarudije nyumbani, umpe ya bodaboda. Hiyo si soda tena. Amekaa kwa ajili yako, na mwanamke kutembea peke yake usiku kutoka kituoni ni jambo la kumfikiria kabla hujajitazama kwenye kioo.

Na chakula. Msusi aliyekushika tangu asubuhi hawezi kuacha nusu ya kichwa akaenda kula. Wewe unaagiza chipsi, unakula ukiwa umekaa, yeye anaendelea kugawa mistari juu yako. Ukiagiza chako, muulize, "Nikuagizie na wewe?" Wengine watasema ndiyo, wengine watasema afadhali hiyo hela. Mpe anachochagua. Usiamue wewe kwamba ameshiba soda.

Binti anayeosha nywele, naam, mpe. Kama kuna mtu mmoja tu pale ambaye ningetaka asisahauliwe, ni yeye. Mara nyingi yuko anajifunza kazi. Katika saluni nyingi mwanafunzi hana fungu, anapewa nauli na chakula, na pengine ni wazazi wake waliolipa ili afundishwe. Ndiye anayefumua, anayeosha, anayefagia nywele za watu wote, anayetumwa maji. Jero yako kwake ina uzito kuliko elfu mbili kwa mwenye fremu. Na fumua nywele zako nyumbani, mwanangu, au uulize kufumua ni bei gani uilipie. Kuja na kichwa cha wiki sita hakijafumuliwa, kikamla binti saa nzima, halafu ukahesabu kwamba ni sehemu ya kusuka, si haki.

Mwenye saluni akikusuka mwenyewe, huna haja ya kumwongeza. Bei yote inabaki kwake, na bei hiyo kaipanga mwenyewe. Ukitaka kumfurahisha, mpelekee wateja wawili watatu kutoka Mwaloni.

Nimesema habari ya wenye saluni, na najua baadhi yao wanasoma hapa, kwa hiyo na wao niwaambie. Bakshishi ya mteja si yenu, na wala si sababu ya kumlipa msusi kidogo. Uingereza ilibidi watunge sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024, inayomtaka mwajiri afikishe bakshishi yote kwa wafanyakazi bila kujikatia chochote, kwa sababu kulikuwa na waajiri waliokuwa wanabaki nayo. Sisi hapa tunaweza kulitenda hilo bila kungoja Bunge. Pesa ya msusi ikiingia kwenye Lipa Namba, mpe jioni ile ile. Na kwa mliowaajiri, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka masharti ya kazi yaandikwe, na inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, zinazozidi zilipwe kama ziada. Binti anayefungua saa mbili asubuhi na kufunga saa tatu usiku, siku saba, hawezi kufidiwa na soda za wateja.

Nirudi kwenye foleni, maana nadhani hapo ndipo panapokuuma zaidi. Ulifika saa tatu, ukaanza saa saba, na aliyekuja baada yako akawekwa mbele. Hilo ni kosa, hata kama yule mama anatoa elfu ishirini. Bakshishi hutolewa kazi ikiisha, kwa kazi iliyofanyika. Ikianza kununua kiti ni kitu kingine, na sote tunajua inavyokuwa ofisini pale faili lako linapongoja mpaka utoe. Sitaki uingie kwenye mashindano hayo. Leo utatoa elfu tatu, kesho mwenzako atatoa tano, na atakayeumia ni mteja wa tatu ambaye hana zote mbili.

Lakini kabla hujamhukumu dada, muulize. Inawezekana mama yule alikuwa ameweka miadi kwa simu tangu jana yake. Inawezekana ni mwenye saluni aliyesema awekwe. Nenda siku ambayo hakuna watu, siyo Jumamosi ya harusi na sendofu, umwambie kwa utaratibu: "Dada, siku ile nilifika wa kwanza nikakaa mpaka saa saba. Iliniumiza. Nikitaka kusukwa bila kukaa hivyo, nifanyeje?" Usimtaje mama wa watu, wala usitaje hela. Akikuambia upige simu kabla, piga. Akikuambia utume kianzio kidogo ili nafasi ishikwe, tuma, kikatwe kwenye bei. Akinyamaza au akageuza maneno, basi umejua, na Mabatini haina saluni moja.

Umesema dagaa nao wana siku zao. Kweli kabisa, na nisingependa usome haya ukaenda kukopa ili umpe msusi. Siku za mbalamwezi, mitumbwi imepumzika na mzigo hakuna, lipa bei, mshukuru kwa jina lake, ondoka na kichwa chako kizuri. Hajadharauliwa. Msusi naye ana mbalamwezi yake. Desemba na Sikukuu ya Idd anakosa hata nafasi ya kukaa, kisha Januari inaingia, watoto wa shule wananyolewa, wazazi wako kwenye ada na sare, na kiti kinakaa kitupu. Ukiwa nacho Januari, mpe Januari. Elfu mbili ya mwezi huo anaikumbuka.

Na siku kazi ikiwa mbaya, usitoe kitu, ila sema. Rasta zimevuta mpaka huwezi kufumba macho, nywele za mbele zinanyofoka, au upande mmoja umekuwa mnene kuliko mwingine: mwambie pale pale, ukiwa bado kitini, arekebishe. Wapo akina mama wanaoona aibu kulalamika, wakamwachia msusi hela ya soda kama kawaida, wakaenda kufumua nyumbani na kumsema Kirumba nzima. Hapo umemnyima nafasi ya kurekebisha, na umemharibia jina.

Kuhusu wifi, muache atoe chake. Elfu kumi yake haikukosea mtu, na dada aliihitaji. Ila akija tena, mwombe ampe msusi pembeni, siyo katikati ya chumba wateja wote wakitazama, kwa sababu waliobaki vitini walianza palepale kujipima, kama ulivyojipima wewe. Na kama ana nafasi, mweleze ile hesabu ya 25,000. Sidhani kama naye anaijua.

Ukishazungumza na dada, niandikie nijue alisema nini, hasa habari ya foleni na habari ya elfu tatu. Kama pesa ile iliishia kwa mwenye saluni, usiende kugombana naye, dada ndiye atakayelipia ugomvi huo. Mpe tu dada namba ya muamala na tarehe, aiulizie mwenyewe wakati wa hesabu.

Shangazi